Miaka Tisa Nje ya Mtambo

Mtaani walimjua kama Mama Pacha. Walimjua kwa mwendo wake wa harakaharaka, kwa sauti yake akiwaita watoto waje kuoga, na kwa kile kiti cha magurudumu alichokisukuma kila asubuhi kumpeleka mama mkwe wake kuota jua barazani. Waliojua kwamba mwanamke huyo ni mhandisi wa maji walikuwa wa kuhesabu, na hata hao walilitaja jambo lenyewe kama mtu anavyotaja ugonjwa uliokwisha kupona. "Zamani alikuwa mhandisi," walisema.

Na kweli alikuwa. Kwa miaka saba alifanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji ulioko nje kidogo ya mji, pale maji ya mto yanapoingia na rangi ya chai ya maziwa na kutoka yakiwa maangavu. Kazi yake ilikuwa kupima na kupanga kiasi cha shabu, ile chumvi nyeupe inayoyafanya matope yashikane na kuzama. Ikipungua, tope linabaki. Ikizidi, maji yanaharibika vilevile. Yeye ndiye aliyekuwa akisema leo tutie kiasi gani, na mji mzima unakunywa.

Kisha wakazaliwa pacha, msichana na mvulana, miezi miwili kabla ya wakati wao, wadogo hata wote wawili walienea kwenye beseni moja la kunawia. Aliomba likizo ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, watoto bado wanaingia na kutoka hospitali kwa sababu ya vifua. Akaandika barua ya kuacha kazi, mistari minne tu, akampa mumewe aipeleke. Watoto walipopata nguvu na kuanza shule, akasema sasa narudi. Wiki ileile mama mkwe akaanguka bafuni, upande wa kulia wote ukapooza. Basi tena. Mwaka ukafuata mwaka, hadi ikafika tisa.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaoona kila kitu kinakwenda sawa mradi hakuna anayelalamika, na mkewe hakuwa mlalamishi.

Aliyeuvunja ukimya huo alikuwa mama mkwe. Kabla ya kupooza alikuwa akiuza vitambaa sokoni, na wateja walimwogopa kwa ulimi wake. Ugonjwa ulimpunguzia kasi ya kusema, lakini ukali haukuuondoa. Asubuhi moja alikuwa barazani na redio yake mapajani, Mama Pacha akianika nguo uani.

"Mwanangu," akaita, neno moja moja. "Acha hizo nguo. Njoo."

"Kuna nini, Mama?"

"Redioni. Watu wa maji wanatafuta wanawake. Walioacha kazi za sayansi na uhandisi. Wanawafundisha upya miezi sita. Wakifaa, wanawaajiri."

Mama Pacha akakung'uta shati la shule, akalibana kwenye kamba. "Watapata wengi, Mama."

"Sijakuuliza watapata wangapi."

"Na wewe nani atakuogesha?"

Bibi akayapanga maneno kwanza. "Mimi nimepooza upande mmoja," akasema. "Wewe unataka kupooza pande zote mbili?"

Chumba cha mbele, cherehani ikasimama. Mume akatokeza kichwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamtazama mama yake, kisha mkewe. Jioni ile ndiye aliyekwenda kumwita dada yake aje wazungumze.

Wifi alikuja amejifunga kibwebwe, tayari kwa shari. Alikaa ukumbini, akakataa hata maji. "Mimi sielewi," akasema. "Kwani kaka amekosa nini cha kumlisha?"

"Hatuzungumzii chakula," mama yake akamjibu. "Wewe asubuhi unafanya nini?"

"Mimi?"

"Wewe. Nilikuzaa, nikakuogesha mpaka ukajua kuoga mwenyewe. Sasa zamu yako."

Pacha, waliokuwa wamejificha nyuma ya pazia kusikiliza, wakaangua kicheko, na shari yote ikaishia hapo. Wifi akakubali kuja kila asubuhi, shingo upande, kwa sharti kwamba chai awe anaikuta tayari.

Cheti cha chuo kilipatikana chini kabisa ya sanduku, chini ya soksi za pacha za utotoni ambazo hakuwa na moyo wa kuzigawa. Kona moja ilikuwa imeliwa na wadudu. Mumewe akakinyoosha kwa pasi ya makaa, juu ya kitambaa, kwa uangalifu kama anapiga pasi suti ya harusi.

Usaili ulikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Walianza vizuri, wakamuuliza mambo ya vichujio vya mchanga na klorini, akajibu bila kutafuta maneno. Kisha mmoja, mwanamume mwenye miwani, akauliza kuhusu mfumo wa kompyuta unaoendesha pampu za shabu siku hizi.

"Sijui," akasema. "Nilipoondoka tulikuwa tunafungua koki kwa mkono."

Mwenye miwani akaandika kitu. "Na miaka hii tisa ulikuwa unafanya nini?"

Alikuwa amejiandaa na jibu zuri, lenye maneno makubwa aliyoyakariri mbele ya kioo. Likampotea lote. Akasema yale yaliyokuwapo. Kwamba alilea watoto wawili waliozaliwa na mapafu machanga, na kila usiku wa mwaka wa kwanza aliandika kwenye daftari idadi ya pumzi zao kwa dakika. Kwamba anamhudumia mgonjwa mwenye dawa sita za saa tofauti na hajawahi kukosea hata moja. Kwamba kemia hakuisahau, ila amezoea kuifanya bila mtu wa kumuuliza.

Mama mmoja wa makamo pale mezani, aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo, akamuuliza, "Hilo daftari bado unalo?"

"Ninalo."

"Litunze," akasema yule mama, na usaili ukaisha.

Alirudi nyumbani akiamini ameharibu. Barua ya kukubaliwa ilipokuja, aliisoma amesimama mlangoni, kisha akampa mumewe naye aisome, kwa sababu hakuyaamini macho yake peke yake.

Walichaguliwa wanawake watano. Siku ya kwanza waligawanywa, na Mama Pacha akapelekwa kitengo cha ubora wa maji. Mlango wa meneja ulikuwa wazi. Ndani alikaa mwanamke kijana kiasi, kalamu imechomekwa kwenye nywele, na Mama Pacha akamtambua papo hapo. Alikuwa ni Kalamu, kama walivyomwita tangu zamani kwa tabia hiyo. Yule msichana wa mafunzo ya vitendo ambaye Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyemfundisha, miaka kumi na moja nyuma, namna ya kushika pipeti, ule mrija wa kupimia kemikali, bila kutetemeka.

Kalamu akainuka. Wote wawili wakafungua kinywa kwa pamoja.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo, bosi."

Wakatazamana. Kalamu akawa wa kwanza kucheka, akacheka mpaka kalamu ikadondoka. "Jamani, dada! Unataka nipate laana? Kaa chini."

Akakaa. Lakini kicheko kilipokwisha, kila mmoja alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi. Kalamu akaeleza ratiba, akitazama karatasi zaidi kuliko uso wa aliyekuwa mwalimu wake. Mama Pacha akaitikia "sawa" na "sawa" na "sawa."

Chumba cha mitambo kilikuwa kimegeuka. Mahali palipokuwa na koki na vipimo vya mshale sasa palikuwa na skrini nne kubwa, na mbele yake kijana mmoja mnene mchangamfu waliyemwita Rimoti, kwa kuwa aliendesha kila kitu bila kuinuka kitini. Nywila ya kompyuta ilimfungia Mama Pacha mara tatu kabla ya saa nne. Mara ya tatu Rimoti akasema, "Mama, ukiikosea tena itapiga simu polisi," na Mama Pacha, Mungu amsamehe, kwa nusu dakika aliamini.

Wiki mbili alijikaza. Alibeba daftari jipya kila mahali, akaandika hata vitu vya aibu, kama vile kitufe cha kuzimia kiko upande gani. Nyumbani msichana wake, wa darasa la tatu, alimfundisha kubofya mara mbili kwa kasi. "Si hivyo, Mama. Tak-tak. Hivi, tak-tak."

Siku ya kumi na moja ya kazi, jambo likatokea.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto ulikuwa umechafuka. Kalamu alikuwa mkutanoni. Mama Pacha akapima maji yaliyoingia, akakokotoa, akapata kiasi cha shabu: miligramu ishirini na tano kwa lita. Rimoti akampisha kitini. "Leo weka mwenyewe. Utaogopa mpaka lini?" Akaandika namba, akabonyeza, akajisikia vizuri. Akaenda maabara kuosha vyombo.

Saa moja na nusu baadaye king'ora kikalia. Maji kwenye madimbwi ya kutulizia tope yalikuwa na utando wa maziwa, na vichujio vilikuwa vinaziba kimoja baada ya kingine. Rimoti alikuwa anapepesa macho kwenye skrini. Mama Pacha akasogea, akaangalia sehemu ya shabu. Pale palikuwa pameandikwa hamsini na mbili.

Tarakimu zilikuwa zimegeuka. Vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyozigeuza.

"Ni mimi," akasema. "Niliandika kinyume."

Wakapunguza shabu, wakafunga njia ya kwenda mjini, wakaosha vichujio kwa kusukuma maji kinyumenyume. Maji mabaya hayakumfikia mtu. Lakini kwa saa tatu, nusu ya mji ilifungua bomba ikasikia hewa tu, na simu za malalamiko zilimiminika. Kazi ilipotulia, Mama Pacha akaingia chooni, akajifungia, akaegemeza paji la uso kwenye vigae. Hakulia kwa sauti. Aliwaza jinsi atakavyomwambia wifi. Tena wifi ndiye aliyemjia kichwani, si mumewe wala mama mkwe. Aliisikia kabisa sauti yake ikisema, si nilisema?

Alipotoka, Kalamu alikuwa anamsubiri koridoni.

"Twende ofisini."

"Bosi, nitaandika barua leo hii. Usihangaike kunitafutia maneno."

"Barua gani?"

"Ya kuacha."

Kalamu akafunga mlango. Akachomoa kalamu kichwani, akaisukuma mezani. "Utaandika, ndiyo. Lakini utaandika taarifa. Kila kitu, dakika kwa dakika, kama ulivyonifundisha. Wewe si ndiye uliyenikatalia kuandika 'bilauri ilivunjika'? Ukaniambia bilauri haijivunji, andika nani, andika vipi."

Mama Pacha akajaribu kutabasamu, uso haukukubali.

"Na kitu kingine," Kalamu akaendelea, na sasa alikuwa anamtazama usoni. "Kwa maji ya leo, kuna mtu mwenye akili zake angeweza kutaka hamsini na mbili?"

"Hapana. Hata mto ukiwa uji."

"Basi mfumo uliikubali kwa nini? Andika na hilo."

Akaandika. Ilimchukua alasiri nzima, kurasa nne, kwa mkono kwanza kisha kwa kompyuta, kidole kimoja kimoja. Ukurasa wa kwanza aliweka kosa lake bila kulipaka rangi. Ukurasa wa nne akauliza kwa nini kompyuta inapokea namba yoyote inayopewa, na akapendekeza mipaka: ikizidi kiasi fulani, mfumo ukatae mpaka mtu wa pili athibitishe.

Taarifa ilisomwa kwenye kikao cha Ijumaa, mbele ya watu kumi na wawili. Mama Pacha alikaa karibu na mlango, mguu ndani mguu nje. Ilipokwisha kusomwa, Rimoti akajikohoza. Kicheko chake cha siku zote hakikuwapo.

"Mimi nimewahi," akasema. "Mara mbili. Niliona mapema, nikarekebisha, nikanyamaza."

Fundi mmoja wa pampu akainua mkono polepole, kama mtoto shuleni. "Na mimi. Mwaka jana."

Mwenye miwani, yule wa usaili, naye alikuwapo. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Kwa hiyo," akasema, "tumekuwa na hili tatizo miaka yote, na tumelijua leo kwa sababu mtu wa wiki mbili amekubali kuaibika." Akamgeukia Mama Pacha. "Hiyo mipaka, utakaa na mafundi wa kompyuta muiweke?"

"Mimi? Hata nywila yangu inanishinda."

Kikao kizima kikacheka, naye akacheka pia, na akagundua hakuna aliyemcheka kwa ubaya.

Nisiseme kwamba toka hapo mambo yalinyooka. Mvulana wake aliugua kifua mwezi uliofuata, naye Mama Pacha akakosa kazi siku nne. Wifi alisusa mara mbili, mara moja kwa sababu ya chai, mara moja bila sababu inayojulikana. Kati ya wale wanawake watano, wawili waliacha njiani. Mmoja alikuwa mwanafizikia hodari kuliko wote, lakini hakupata mtu wa kumwachia mtoto, na wenzake walipompigia simu alizungumza nao kwa furaha mno, furaha ya kujilazimisha. Mama Pacha alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya mazungumzo hayo. Alijua kabisa kwamba tofauti kati yao haikuwa akili wala bidii. Ilikuwa bibi mmoja mkali mwenye redio.

Lakini mipaka ikawekwa. Naye akajifunza mfumo, kwanza kwa woga, baadaye kwa udadisi, mwishowe kwa ubishi, akiwauliza mafundi wa kompyuta kwa nini hiki na kwa nini kile mpaka wakawa wakimwona kwa mbali wanatafuta pa kujificha. Na Rimoti naye alijifunza. Siku moja kihisi kinachopima tope kiliziba kwa udongo, skrini ikasema maji ya mto ni safi kabisa wakati kupitia dirishani waliyaona mekundu. Mama Pacha akamwinua kitini, akampeleka maabara, akampangia bilauri sita za maji ya mto, kila moja na kiasi chake cha shabu, akamwambia akoroge na kuangalia.

"Naangalia nini?"

"Subiri."

Wakasubiri. Katika bilauri ya tatu, vipande vidogo vidogo vikaanza kuonekana, vikakutana, vikawa mabonge, yakazama taratibu. Juu yake maji yakabaki maangavu.

Rimoti alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo. "Miaka minne nimefanya kazi hapa," akasema, "sijawahi kuona hiki kitu kikitokea."

Miezi sita ilipokwisha, wanawake watatu waliobaki waliajiriwa. Kalamu alimletea mkataba mwenyewe, akasimama huku Mama Pacha anautia saini. Suala la shikamoo walikuwa wamelimaliza zamani: Kalamu alimwamkia asubuhi, na Mama Pacha alimwita bosi mbele za watu na mdogo wangu wakiwa peke yao.

Mwaka uliofuata mtambo uliwakaribisha wananchi kwa siku moja kuja kuona. Mama mkwe akasema anakwenda, na aliposema anakwenda, mjadala ulikuwa umefungwa. Mwanawe akamshonea gauni jipya. Rimoti na fundi wa pampu wakambeba na kiti chake ngazi kumi na nne, wifi akitangulia mbele na kuwaamuru kana kwamba ngazi ni zake. Pacha walikuwa wamekwisha kupotea kwenye umati.

Bibi akasukumwa kando ya madimbwi. Aliuliza maswali mengi kwa ulimi wake mzito, na mkwewe akamjibu yote. Haya meupe ni nini? Haya yanakwenda wapi? Mchanga huu mnaufua? Walipofika mwisho wa mtambo, palipokuwa na bomba la kuonjea, Mama Pacha akajaza kikombe, akamshikia. Bibi akanywa, akatafakari, akanywa tena.

"Hayana ladha," akasema.

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama."

Bibi akatikisa kichwa, uso wake ukapinda upande ule uliokuwa mzima kwa tabasamu. Akamwita mwanawe aje aonje. Akamwita na binti yake. Wifi akanywa kikombe kizima, akapangusa midomo, akasema kwa kweli si mabaya, na akasogeza kikombe aongezewe. Ndipo saa ya kuchukua sampuli ikafika, na Mama Pacha akawaacha pale, akavaa koti lake jeupe, akarudi ndani kupima.